Tundu la Tatu Kutoka Mlimani

"Mikono yangu haijakosea," Sefania alisema, na hiyo ilikuwa mara ya nne asubuhi ile. Klara naye akajibu kwa mara ya nne kwamba yeye hakutaja mikono ya mtu. Alichosema ni kwamba akichomeka simu ya zahanati, anajibiwa na wapasua mbao.

Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini mwa ofisi ya kijiji nachambua maharage. Hakuna aliyeniita, lakini ugomvi usio na shahidi unaharibika, kila mmoja anaenda nyumbani na wake. Halafu Sefania ni shemeji yangu. Alimwoa mdogo wangu Esta, Mungu amrehemu, kwa hiyo ninayo ruhusa ya kumcheka mpaka mmoja wetu azikwe.

"Shemeji," nikamwambia, "kama mikono haijakosea, basi ni masikio ya huyu binti. Tuyakate tuendelee na kazi."

"Bibi, na wewe," Klara akasema.

Sefania hakucheka. Alikuwa amesimama mbele ya lile sanduku la simu amevaa mkanda wake wa kupandia nguzo, ingawa siku hiyo hakuwa na nguzo ya kupanda. Aliuvaa tangu alfajiri, na sisi sote tulijua kwa nini. Jumatatu katibu wa kijiji, Danieli, alisema mbele ya watu kwamba mpaka Ijumaa saa sita mchana matundu yote nane ya sanduku yawe yanajibu yanavyotakiwa. La sivyo mzee Sefania arudishe mkanda, ngazi na koleo, akalime shamba la pamoja, na kazi ya waya apewe fundi mwingine kutoka Lushoto mjini, mwenye macho mazima. Hilo la macho ndilo lililomchoma. Jicho lake moja lilikuwa na ukungu, kweli, ila Danieli hakuwa na haja ya kulitangaza. Na leo ndiyo ilikuwa Ijumaa, saa tatu imeshapita.

Huyu Sefania alizaliwa chini kidogo ya Mtae, kule ambako ukidondosha kiazi mlangoni kinafika Mkomazi kimeshaiva kwa joto la njiani. Alikuja huku kwetu akiwa kijana, kubeba nguzo za simu kwenye shamba la chai la mzungu mmoja aliyetaka kuongea na kiwanda chake bila kuchoka miguu. Kwanza alichimba mashimo. Siku moja fundi aliyepanda juu akapata kizunguzungu, wakauliza nani anaweza kumshusha, Sefania akapanda bila mkanda, akamshusha fundi mgongoni, halafu akarudi juu kumalizia kazi. Kuanzia hapo hakuchimba tena.

Nitakuambia jinsi alivyokuwa mtu wa nguzo. Mara moja mvua ya mawe ilimkuta juu, na chini ya nguzo akaja nyati akalala. Alikaa kule siku mbili. Esta alikuwa akimrushia uji kwa kata kutoka barazani, na halikumwagika hata tone. Esta mwenyewe alikuwa akisema ilikuwa ni saa moja tu na yule alikuwa ng'ombe wa jirani, lakini Esta, pamoja na mema yake yote, hakujaliwa kusimulia.

Mbega nao walimsumbua. Walipenda kubembea kwenye waya zake, na mmoja alikuwa na sauti nzito akaegemea waya, yule mzungu akaongea naye robo saa akidhani ni jirani yake, wakaelewana vizuri kuliko siku zote. Sefania alipouliza kama laini ilikuwa safi, akaambiwa haijawahi kuwa safi namna ile.

Siku ya Uhuru alipanda nguzo ya mbele ya ofisi ya shamba akafunga bendera yetu kule juu, na akakataa kushuka mpaka kila mtu aiangalie. Baada ya Azimio mzungu akaondoka, shamba likawa la serikali, na sanduku likabaki pale pale kwenye ofisi ya zamani, Sefania akilitunza. Miaka ile yote hapakuwa na karatasi. Aliyekaa kwenye sanduku alikuwa mama mmoja aliyezeeka nalo, na akisahau kitu anamwita Sefania, Sefania anafunga macho na kusema. Waya zote zilikuwa kichwani mwake kama mistari ya Sala ya Bwana.

Ndipo ukaja mwaka wa sabini na nne, tukahamishwa kwenda kukaa pamoja Kwemkuyu, ng'ambo ya bonde. Tulivuka na milango yetu, na mabati kwa waliokuwa nayo, na kuku wetu. Sanduku la simu lilivushwa na wanaume wanne mabegani kama jeneza la mtu mnene, na nyuma yake Sefania, amelishikilia kwa mkono kana kwamba lingetoroka.

Sanduku lenyewe si la ajabu. Ni la mbao, lina kitasa upande mmoja na bawaba upande mwingine. Mbele lina matundu nane kwa mstari, na juu ya kila tundu kibao kidogo cha shaba. Nyuma ya kila tundu kuna pini, na kila pini inashikwa na waya wake, na waya unatoka ukutani, unapanda nguzo, unakwenda zake. Mmoja unakwenda Boma Lushoto. Mwingine misheni, mwingine zahanati, na shule, na duka la ushirika, na kiwanda cha mbao, na kwa bwana shamba, na kiwanda cha chai. Mtu akizungusha simu kule, kibao kinaanguka huku. Unachomeka, unauliza nani na anamtaka nani, unachomeka na kwa yule mwingine, unazungusha, basi wanaongea.

Hayo Klara aliyajua. Huyu ni binti wa Mlalo, baba yake mzee wa kanisa, naye alipelekwa Tanga miezi sita kusomea kazi ya simu, akarudi na cheti na viatu vyenye kamba. Angeweza kukaa kwenye sanduku lolote nchi hii akafanya kazi, maana kuchomeka ni kuchomeka. Lakini tundu halina mdomo. Halikuambii kama nyuma yake pini imeshikwa na waya wa Boma au wa bwana shamba. Hilo haliko kwenye cheti. Ni lazima aliyefunga waya aseme, na wewe uandike.

Basi waliandika, na waliandikia jikoni kwangu, kabla sanduku halijavushwa. Sefania alikaa kwenye kigoda akafumba macho, Klara akaweka daftari gotini. Mimi darasa sikuliona, ila nilisikia. Kutoka mlimani, tundu la kwanza Boma. La pili misheni. La tatu zahanati. La nne shule. La tano duka. La sita mbao. La saba bwana shamba. La nane, la mwisho kabisa bondeni, kiwanda cha chai. Alisema bila kukwama hata mara moja. Kesho yake sanduku likavushwa, na huku ng'ambo Sefania akafunga waya zote nane peke yake, kwa kupapasa, jicho likiwa na ukungu wake, na hakumruhusu mtu kushika hata msumari.

Siku ya kwanza Klara akafuata karatasi, na mambo yakaanza. Mzee mmoja alitaka kuongea na mchungaji juu ya maziko, akaunganishwa na bwana shamba, akaambiwa achimbe futi moja tu na asisahau samadi. Mkunga wa zahanati, Mariamu, alitafutwa kwa haraka akapatikana Shabani wa kiwanda cha mbao, ambaye kwa utu wake alikuja mbio na msumeno. Na Danieli mwenyewe alisoma taarifa ya mahindi ya kijiji kizima, kwa sauti ya mkutano, akidhani anasikilizwa na Boma. Alipomaliza, karani wa kiwanda cha chai akamshukuru na kumuuliza majani yataletwa lini. Hapo ndipo Danieli alipokasirika. Baada ya hapo watu waliogopa kupiga, na sanduku likakaa kimya siku tatu likisubiri Ijumaa.

"Babu," Klara akasema sasa, kwa upole, maana hakuwa binti mkorofi, "mimi nasoma kilichoandikwa. La tatu kutoka mlimani, zahanati." Akaweka kidole kwenye tundu la tatu, upande wa dirisha, ambako mlima ulikuwa umejaa mpaka juu. "Hili hapa. Nikichomeka hili, anajibu Shabani. Basi waya uliofungwa hapa ni wa Shabani. Labda siku ile mwanga ulikuwa mdogo."

"Sema tu jicho."

"Sijasema jicho, Babu."

"Umesema mwanga. Mwanga na jicho ni ndugu." Sefania akashika pini za nyuma, moja moja, akizihesabu kwa kidole gumba. "Waya wa zahanati una fundo nililolifunga mwenyewe mwaka Esta alipojifungua. Fundo hili hapa. Uko mahali pake. Zote ziko mahali pake, kila mmoja kama ulivyokuwa kule."

"Basi karatasi ni ya uongo?"

"Karatasi niliisema mimi."

Ndivyo ugomvi ule ulivyokuwa, wote wawili walikuwa wakweli, na sanduku lilikuwa linakataa. Sefania aliketi kwenye benchi. Alianza kuchezea kifungo cha mkanda wake, akikifungua na kukifunga, na mimi sikupenda kukiona kile kifungo kikifunguliwa. Mtu aliyekaa juu ya nguzo miaka ishirini na tano ukimpa jembe anakuwa mfupi ghafla. Nilijua angelima. Angelima vizuri hata, hana uvivu. Lakini asingeinua tena kichwa kuangalia waya zinakopita, na mtu asiyeinua kichwa hafiki mbali na uzee.

Kwa hiyo nikafanya ninachoweza. Nikawasimulia jino langu.

Ni jambo la kweli, atakayebisha akaulize Tanga. Jino liliniuma wiki tatu, nikateremshwa mpaka hospitali. Daktari alikuwa Omari, mtu wa pwani, mpole sana. Akaniuliza jino gani. Nikamwambia la nyuma, la juu, upande wa mlimani. Akaniuliza mlima upi, mama. Nikamshangaa. Mtu mzima, amesoma, hajui upande wa mlimani. Sisi huku mbuzi tunamfunga mguu wa bondeni, kanisani wanaume wanakaa mlimani na wanawake bondeni, hata mgonjwa tunamgeuza alalie ubavu wa mlimani. Nikamwonyesha kwa mkono, mlima uko kule, nyuma ya ukuta wako. Akasema vizuri, nimeelewa. Halafu akageuza kiti ili apate mwanga wa dirisha.

"Akang'oa la bondeni," nikasema. "Zima kabisa, na mizizi mitano kama muhogo. Wakalipima kilo moja na robo."

Klara alicheka mpaka akashika ukuta. Sefania naye midomo ilianza kumcheza, halafu ikasimama. Akaacha kifungo.

"Aligeuza kiti," akasema.

"Aligeuza. Na mimi juu yake."

"Na jino likawa bado liko lilipokuwa."

"Shemeji, lingekwenda wapi? Lilikuwa limenishikilia mpaka ubongo."

Hakunisikia. Aliinuka akaenda mbele ya sanduku, akasimama kama mtu anayesimama mbele ya nyumba aliyozaliwa, akafumba macho. Akanyoosha mkono wa kulia, upande wa kitasa, taratibu, mpaka vidole vikagusa ukuta. Kisha akafumbua macho akaangalia mkono wa kushoto, upande wa bawaba, ambako kulikuwa na dirisha, na dirishani mlima.

"Kule kwenye ofisi ya zamani," akasema, "ukikaa hapa, mlima uko upande gani?"

Klara hakuwahi kukaa kule. Mimi niliwahi, nilipokuwa nikimpelekea mboga yule mama wa sanduku. Nikaupeleka mkono wangu hewani, nikaona unakwenda wenyewe. Kulia. Kule tulikuwa upande mmoja wa bonde, hapa tuko upande wa pili. Mlima tuliouacha ulikuwa kulia kwa sanduku, na huu tuliokuja kuulalia uko kushoto.

Klara alichukua karatasi, akaiangalia, akaangalia dirisha, akakaa chini.

"Tumeandika mlima," akasema. "Na sanduku halijui mlima."

"Mikono ilihesabu kutoka kitasani," Sefania akasema polepole. "Mdomo ukahesabu kutoka mlimani. Kule ilikuwa ni kitu kimoja. Miaka yote ilikuwa ni kitu kimoja."

Saa nne na nusu. Sefania akamwambia Klara aikunje karatasi, asiiangalie kabisa, ahesabu kutoka kitasani. La tatu. Klara akachomeka, akazungusha, na tukasikia sauti ya Mariamu, nyembamba kama uzi, ikisema zahanati hapa, na leo mnaniita kwa jina la nani. La sita, Shabani, naye akauliza kama kuna mgonjwa tena ili safari hii achukue kisu badala ya msumeno. La pili, misheni. La saba, bwana shamba, aliyeanza kusema samadi kabla hajaulizwa. La kwanza, Boma. La nane, chai. La tano, ushirika, wakasema sukari hakuna, ingawa hatukuomba sukari.

La nne, shule, likakataa. Klara alizungusha mara tatu, hakuna mtu. Sefania alikuwa wima, kidole kwenye pini ya nne, anaisikiliza kana kwamba ina mapigo ya moyo. Saba yamejibu, lakini Danieli alisema nane, na Danieli ni mtu wa kuhesabu. Mimi nikasema labda shule imehamishwa wakasahau kutuambia. Hakuna aliyecheka. Tukakaa. Ukungu ulipita dirishani ukaufuta mlima wote, ukaurudisha. Kisha tukasikia, si kwenye waya, bali hewani kutoka bondeni, watoto wakipiga kelele za mapumziko, na Klara akazungusha tena, na mwalimu Raheli akajibu akihema, kwamba alikuwa nje na darasa la tatu wanapanda viazi.

Sefania akaketi. Akavua kofia, akajipangusa, akairudisha.

Klara hakupoteza muda. Alichukua msumari akakwaruza namba kwenye mbao, chini ya kila tundu, moja mpaka nane, kuanzia kitasani. Sefania hakupenda sanduku lake likwaruzwe, na akauliza kama sasa mlima tuutupe. Klara akamwambia mlima ubaki nje, una kazi zake. Akaandika karatasi mbili. Moja akaibandika ndani ya mlango wa sanduku, inasema pini ya kwanza ni hii iliyo karibu na kitasa, na namna ya kuhesabu, na kwamba hata sanduku likigeuzwa kichwa chini namba zinabaki zilipo. Ya pili, akasema, ni ya Kwemkuyu: moja Boma, mbili misheni, mpaka nane. Hiyo itakaa ukutani. Kesho wakituhamisha kwenda Mtae, karatasi ya sanduku inakwenda na sanduku, hii ya ukutani tunaichana tunaandika majina ya huko, na atakayekaa hapa hata kama ni mgeni wa Pangani ambaye hajaona mlima hata siku moja atafanya kazi siku hiyo hiyo.

"Bila kuniita," Sefania akasema.

"Bila kukuita usiku, Babu. Waya zikikatika tutakuita tu. Karatasi haipandi nguzo."

Aliliwaza hilo. Nadhani lilimfaa.

Ilikuwa inakaribia saa sita, na hapo likazuka jipya, kwamba Danieli aambiwe nini. Klara akasema ni rahisi, yeye ndiye aliyeandika, atasema aliandika vibaya, yeye bado mgeni kazini na atasamehewa. Mimi nikasema hapana, mwambieni ni mbega, walivuka bonde wakazifungua waya na leo asubuhi wamezirudisha kwa aibu, niko tayari kuapa. Klara akaniomba nisiape. Nikamwambia kuna wakati uongo mzuri unaokoa siku ya mtu, na Danieli hawezi kwenda kuwahoji mbega.

Sefania alikuwa amekaza kifungo cha mkanda na kusimama.

"Hakuna atakayesema ila mimi," akasema. "Binti aliandika nilichosema. Na wewe shemeji kaa na mbega wako. Nitamwambia Danieli, jicho langu lina ukungu na mikono ilifanya kazi bila macho. Kilichokosea ni mdomo. Akitaka kunivua kitu anivue huu mdomo, akaupeleke shamba la pamoja ukalime, lakini huu mkanda—"

Kivuli kikaziba mlango. Danieli alikuwa amesimama pale, usoni inaonekana amesikia yote, kofia mkononi, viatu vina matope ya njia ya bondeni.

"Shikamoo, mzee," akasema.